Kupanga mzamo kwenye ukuta wa matumbawe: magharibi ya Pemba

Magharibi ya Pemba, kuanzia Misali kwenda kaskazini hadi milango ya Fundo na Njao (mapengo ambamo maji ya bahari huingia na kutoka), mwamba huwa tambarare kwenye mita 5 hadi 10, kisha unakatika. Mbele yake ni bahari inayotenganisha kisiwa na Tanga, na kilindi chake hufikia takriban mita 800. Kwenye mwamba wa kawaida, aliyezidisha risasi (vipande vizito vya kuzamishia) kiunoni atagonga mchanga na kusimama. Ukutani hakuna cha kumsimamisha. Kwa hiyo kina cha mwisho cha mzamo, dakika za kukaa chini na hewa ya kurudia hupangwa botini na kuandikwa kwenye kibao kabla mtu hajalowa.

Anza na maji. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na maji yote hayo hupita kwenye milango kwa saa sita hivi. Kama hujawahi kuzamia ukuta, usianze siku hizo. Subiri maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Kuna faida ya ziada: siku za maji mafu pwani hii maji hujaa aghalabu katikati ya asubuhi, wakati bahari bado imetulia na jua linaingia vizuri.

Ingia saa ya mwisho ya maji kujaa, ili maji yasimame ukiwa chini. Maji yanayojaa hutoka bahari kuu, ni safi, na ukikosea hesabu yanakusukuma kuelekea ndani ya mlango. Maji yanayokupwa hubeba mchanga na tope la ndani, huoni mbali, na yakifika ukingoni humwagika kufuata ukuta kwenda chini. Jedwali la maji la bandari hukupa saa za kujaa na kupwa, ila kusimama kwa maji kwenye kila mlango kuna tabia yake. Muulize nahodha anayeufahamu mlango huo, na umwamini yeye kuliko simu yako.

Sasa hewa. Hapa ndipo mipango mingi huharibika, kwa sababu watu huhesabu nitrojeni inayoingia mwilini, ambayo huweka kikomo cha muda wa kukaa chini, na kusahau mtungi. Kwanza jua unapumua kiasi gani. Ogelea kwa mwendo wa kawaida dakika 10 kwenye mita 10, uone geji imeshuka kiasi gani. Tuseme imeshuka bar 36 (bar ni kipimo cha mgandamizo) kwa mtungi wa alumini wa lita 11.1. Hiyo ni lita 400 (36 mara 11.1), yaani 40 kwa dakika. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara 2 ya juu ya maji, kwa hiyo matumizi yako ya msingi ni lita 20 kwa dakika. Kwenye mita 25 mgandamizo ni 3.5, nawe unatumia lita 70 kila dakika.

Kisha hesabu akiba, ukichukulia kwamba mwenzako ameishiwa hewa wakati mbaya kuliko wote na mnapumua wawili kwenye mtungi mmoja, kwa hofu, lita 30 kila mmoja. Dakika moja ya kutulizana kwenye mita 25 inakula lita 210. Kupanda kwa mita 9 kwa dakika, karibu dakika 3, kunakula lita 405. Dakika 3 za kusimama kwenye mita 5 zinakula 270. Jumla ni lita 885, sawa na bar 80. Ile kanuni ya kufika juu na bar 50 haisemi lolote kuhusu muda wa kuondoka chini. Kwenye mita 25 geji ikisoma 80 mnapanda, hata kasa akipita. Kwenye mita 15 hesabu hiyohiyo hukupa bar 55 tu, ndiyo maana akiba inaruhusiwa kupungua kadiri mnavyopanda.

Ukianza na bar 200 na kutoa 80, zimebaki bar 120, au lita 1,332, zinazokupa dakika 19 kwenye mita 25. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, la hewa ya kawaida linaruhusu dakika 29 kwenye kina hicho bila vituo vya lazima vya kutoa nitrojeni wakati wa kupanda. Hewa itakwisha kabla ya muda. Nitroksi ya asilimia 32 (hewa iliyoongezwa oksijeni hadi kiasi hicho) huongeza muda wa nitrojeni, lakini haiongezi hata pumzi moja, na kina chake cha mwisho ni karibu mita 33, kwani chini ya hapo oksijeni huwa sumu. Kwenye ukuta usio na sakafu, kikomo hicho hakichezewi.

Pangeni kina kirefu kwanza, halafu mpande polepole mkifuata ukuta, mmalizie juu ya tambarare, ambako kuna samaki wengi kuliko kule chini na kituo cha mita 5 hukaliwa bila taabu.

Risasi zipimwe kwa mtungi unaokaribia kuisha. Kati ya bar 200 na 50 mtungi huo hupoteza karibu kilo 2 za hewa, na anayejipima ukiwa umejaa huelea mwishoni asiweze kusimama mita 5. Kosa la pili ni kujaza risasi kupita kiasi: jaketi la kuelea linabaki na hewa nyingi, hewa hiyo inabanwa kila unaposhuka, nawe unazidi kuzama. Ukikuta unapuliza jaketi kila dakika chache, risasi zimezidi. Kusanyikeni juu ya tambarare, kagua vifaa, ndipo mvuke ukingo.

Mkondo wa kushuka huonekana mapema. Tazama samaki wadogo ukutani: huelekeza vichwa mkondo unakotoka. Wakielekea juu, maji yanashuka. Mapovu yako yakienda pembeni au chini, umeshaingia. Usipige mapezi wima kwenda juu, utamaliza hewa ukiwa palepale. Jibane ukutani, shika jiwe tupu na si tumbawe hai, upande mshazari. Au uogelee moja kwa moja kuuacha ukuta, kwani nguvu ya mkondo huo ipo karibu nao. Ukitia hewa kwenye jaketi, weka mkono kwenye vali ya kutolea: ukitoka kwenye mkondo utapanda ghafla.

Boti isitie nanga, iwafuate. Nahodha apewe kwa maandishi idadi ya watu, saa ya kuingia, upande mtakaoelekea na saa ya mwisho ya kutokea. Kila mzamiaji awe na boya la kujaza lenye urefu wa mita 1.5 au zaidi, rili (kigurudumu cha kamba ya boya) na filimbi. Boya hupandishwa kutoka mita 5 au 6, si baada ya kufika juu, maana kwenye mawimbi kichwa hakionekani. Mkipoteana, tafuta dakika moja tu, kisha kila mtu apande.

Botini kuwe na oksijeni safi ya kumfikisha mgonjwa ufukweni, na kabla ya safari piga simu uhakikishe chumba cha mgandamizo cha kutibu wazamiaji kilicho karibu kinafanya kazi. Misali imo ndani ya hifadhi ya PECCA (eneo la hifadhi la mkondo wa bahari wa Pemba), hivyo kibali hulipiwa. Ndege ya kuondoka Pemba isubiri saa 12 baada ya mzamo mmoja, na saa 18 kwa aliyezamia siku kadhaa mfululizo. Asiye na muda huo apande meli.