Somo: Namna ya kupata wazo la diorama ya askari wadogo, kwa mfano wa mapigano ya Tanga, 1914

Wengi wanaoanza diorama, yaani mandhari ndogo yenye sanamu ndogo za kupanga juu ya ubao, huuliza kwanza habari za gundi na rangi. Hayo yana majibu mepesi. Kazi inakuja pale umeshanunua pakiti ya askari wa plastiki, umewapaka rangi, umewapanga juu ya ubao, halafu unawatazama na kuona wamesimama tu kama abiria wanaosubiri daladala. Hawana kisa. Somo hili linahusu kukitafuta hicho kisa, na nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nimeyachagua kwa kuwa ni ya kwetu na yameandikwa sana. Isitoshe, mahandaki ya Ufaransa yameshajengwa na watu mpaka yamechosha.

Hatua ya 1: Soma habari yote, kisha uipunguze bila huruma

Kwa kifupi ilikuwa hivi. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika mbele ya Tanga, mji uliokuwa chini ya Wajerumani, zikiwa na askari wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Meja Jenerali Aitken. Nahodha wa manowari Fox akateremka kudai mji usalimu amri, akapigwa danadana. Wakati huo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa anawaleta askari wake kwa reli ya Usambara kutoka upande wa Moshi. Jumla yao, Wajerumani na askari wa Kiafrika, walikuwa kama elfu moja. Tarehe 4 Waingereza wakashambulia kutokea Ras Kasone, rasi iliyo kando ya mji, shambulio likavunjika. Kesho yake wakapanda meli zao wakaondoka, wakaacha nyuma bunduki za rashasha 16, bunduki za kawaida kwa mamia na risasi zipatazo 600,000.

Sasa chukua rula. Ubao wa sentimita 30 kwa 30, ukitumia skeli ya 1:72 (kila kitu kimepunguzwa mara 72), unawakilisha eneo la mita 21.6 kwa 21.6. Hicho ni kiwanja kimoja cha nyumba, kile cha ishirini kwa ishirini. Mapigano ya Tanga hayaingii kwenye kiwanja cha nyumba. Wanaoenea ni watu sita, labda kumi, na dakika moja tu ya siku yao.

Kuna mtu aliyejaribu kuingiza vita vizima. Ofisa wa Kiingereza, William Siborne, alijenga mfano wa uwanja wa Waterloo, aliposhindwa Napoleon mwaka 1815, wenye vijiaskari zaidi ya 70,000, ukaonyeshwa London mwaka 1838. Alikaa miezi kwenye uwanja wenyewe akipima ardhi, akawaandikia barua maofisa waliopigana kuwauliza walikuwa wamesimama wapi. Hata yeye, na wingi wote ule, ilibidi achague saa moja: jioni, pale walinzi wa Napoleon waliposhambulia kwa mara ya mwisho. Na ugomvi uliomwandama ulihusu hasa saa hiyo, kwamba Waprusi, washirika wa Waingereza, wawekwe wapi na wawe wangapi.

Hatua ya 2: Andika dakika, usiandike matukio

"Shambulio la Novemba 4" ni tukio. Dakika ni kitu ambacho mpiga picha angeweza kukinasa. Ukisoma habari za Tanga kwa jicho hilo, unaanza kuokota:

Treni imesimama, askari wanaruka chini, mmoja anampokea mwenzake sanduku la risasi.

Askari wa Kihindi amelibwaga begi lake, amejifunika kichwa kwa mikono, nyuki wako juu yake.

Daktari wa Kiingereza na ofisa wa Kijerumani wanazungumza chini ya bendera nyeupe habari za majeruhi.

Ufukwe mtupu, masanduku yaliyoachwa, na askari mmoja wa Kiafrika anafungua moja kuona kuna nini.

Halafu ipo ninayoipenda kuliko zote. Usiku wa kuamkia tarehe 4, Lettow-Vorbeck mwenyewe alipanda baiskeli na wenzake wawili, akaingia mji uliokuwa kimya, akafika hadi karibu na bahari kuziangalia meli za Waingereza zikiwa zimewaka taa. Hebu lifikirie hilo. Kamanda wa jeshi lote, baiskeli, barabara tupu yenye mwezi, na ng'ambo ya maji meli zimewaka zikishughulika. Unahitaji watu watatu, baiskeli tatu na ukuta mmoja. Hakuna risasi hata moja, lakini kila anayetazama anajua kuna jambo linakuja.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni huo: chagua dakika ya kabla au ya baada. Askari anayefyatua bunduki anaonyesha kwamba vita vipo, basi. Yule anayechungulia, anayebeba, anayefungua sanduku lisilo lake, huyo anamfanya mtazamaji aulize.

Hatua ya 3: Tazama miili ya watu, kwenye picha na kwenye sanamu

Walther Dobbertin alikuwa mpiga picha Mjerumani aliyeishi Afrika Mashariki, akapiga picha nyingi za Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la koloni, kabla ya vita na wakati wa vita. Nyingi zimehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa za Ujerumani na zinapatikana intaneti. Unapozitazama, achana kwanza na vifungo vya sare. Tazama uzito wa mtu uko mguu upi, mkanda wa bunduki unapita bega gani, mtu aliyechoka anaegemea nini. Kofia ya askari wa Kijerumani ilikuwa ndefu, imevikwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kufunika shingo, na tai wa chuma mbele. Ukiikosea hiyo, hata mtu asiyejua vita atahisi kuna kitu hakijakaa sawa.

Kama uko Dar es Salaam, picha ni nusu ya kazi. Nenda kwenye Sanamu ya Askari pale katikati ya mji, iliyosimamishwa 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Zunguka. Ukiwa ubavuni utaona mwili wote umetupwa mbele nyuma ya singe, mguu wa nyuma unasukuma, na mgongo haujanyooka hata kidogo. Askari wa plastiki wengi wanatoka kiwandani wamenyooka mno. Pasha kiuno cha mmoja kwenye maji moto, mpinde kidogo mbele, umwachie apoe hivyo hivyo. Tofauti utaiona hapo hapo.

Wa Nairobi mnayo sanamu ya watu watatu kwenye Kenyatta Avenue, na mmoja wao ni mpagazi. Wa Mombasa nendeni Fort Jesus: kuna mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg na wa Pegasus ya Waingereza, meli ambayo hiyo Königsberg iliizamisha Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Ukiwa na simu na rula, unapata vipimo vyako bila kununua kitabu.

Hatua ya 4: Ardhi iamue rangi

Hapa naomba niseme kwa ukali kidogo. Si kila diorama ya Afrika ni ya rangi ya chungwa! Udongo mwekundu ni wa Voi, Taveta na njia ya kwenda huko. Tanga ni pwani: mchanga wa kijivu unaokaribia weupe, mawe ya matumbawe yenye matundu, minazi, vichaka vizito, mashamba. Chota mchanga kidogo kwenye chupa, ukaushe, uuchekeche kwa kitambaa cha soksi, na uumwage juu ya gundi nyeupe. Rangi yake haina haja ya kuigwa kwa sababu ni yenyewe.

Nyasi nazo usiagize. Nyuzi za katani ukizikata vipande vya milimita tano na kuziloweka kwenye chai nzito zinatoa nyasi kavu nzuri kuliko za pakiti. Ukitaka majani yaliyooza chini ya miti, tumia majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakikaushwa vizuri. Yakibaki na unyevu yataota ukungu.

Hatua ya 5: Tafuta kitu kimoja cha kubeba kisa

Tuseme umechagua nyuki. Wakati wa shambulio makundi ya nyuki yaliwavamia askari wa Kikosi cha 98 cha India, na Lettow-Vorbeck aliandika baadaye kwamba hata baadhi ya rashasha zake zilishindwa kufanya kazi kwa sababu yao. Utawaonyeshaje? Nyuki wa sentimita moja na nusu, katika skeli ya 1:72, ana milimita 0.2, sawa na chembe ya vumbi. Kwa hiyo achana na nyuki, tengeneza mzinga.

Mizinga ya enzi hizo ilikuwa magogo yaliyotobolewa ndani na kuning'inizwa mitini, kama inavyofanywa hadi leo sehemu nyingi. Gogo la mita moja linakuwa milimita 14. Chukua kijiti cha mti wenye gamba lililopasuka, unene wa kijiti cha kiberiti mara mbili, kikate urefu huo, toboa tundu ncha moja kwa sindano ya moto, ukifunge kwa uzi wa katani kwenye tawi. Sasa uvunje: uupasue ubavuni, uuache unaning'inia kwa uzi mmoja. Chini yake weka kofia iliyoanguka, bunduki, na askari wawili wanaokimbia kila mmoja njia yake. Mtazamaji ataanza na wanaokimbia, atajiuliza wanamkimbia nani, kisha macho yatapanda juu ya mti.

Hatua ya 6: Panga kabla ya gundi

Hii ni fupi. Simamisha askari wako kwa plastisini, wapige picha kwa simu ukiwa umeinama usawa wa macho yao, uwaache wiki moja. Ukiona kuna mmoja ambaye akiondolewa hakuna kinachopungua, mwondoe.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, heshima yako. Niko Mwanza, askari wa Kijerumani wa Afrika Mashariki siwapati kabisa. Nafanyaje?*

Karibu, mkuu. Tafuta pakiti yoyote ya 1:72 ya askari wa nchi za joto wenye kofia za pazia la shingo, kama wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa. Kofia uiongeze urefu kwa gundi ya epoksi ile ya kukanda, pazia lipo tayari. Koti refu likikusumbua, lipunguze kwa wembe ukienda taratibu. Viatu virefu viviringishie karatasi nyembamba kuanzia kifundo hadi chini ya goti, upake rangi ya buluu iliyokolea.

*Kaka, mimi ni wa Voi. Babu wa baba yangu alichukuliwa kuwa mpagazi, hakurudi. Nikiona watu wanachezea vita hivi nakwazika kidogo. Unasemaje?*

Pole, kaka, na hoja yako ni ya haki. Nami ndiyo maana nawasukuma watu waache risasi. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na lishe mbovu, lakini kwenye pakiti za dukani hawamo. Ungependa kujenga kitu? Jenga wao. Baada ya Königsberg kuangamizwa Rufiji tarehe 11 Julai 1915, Wajerumani waliokoa mizinga yake 10, karakana za reli Dar es Salaam zikatengeneza magurudumu ya kuibebea, na mizinga ile ikakokotwa nchi kavu kwa nguvu za watu. Mzinga mmoja, kamba mbili, watu ishirini wameinama matopeni. Wape nyuso tofauti, kila mmoja ya kwake, na umpake ofisa rangi mwisho kabisa.

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Hela ya askari wa plastiki hatuna. Watoto wafanye nini?*

Mwalimu, waanze na udongo wa mfinyanzi au karatasi iliyolowekwa, kwa ukubwa wa kidole. Wape dakika ya treni: boksi la viatu ni behewa, vijiti vya kiberiti ni mataruma ya reli. Kila mtoto atengeneze mtu mmoja na aseme anabeba nini.

*Mkuu, moshi wa bunduki unautengenezaje? Nimeona wengine wanaweka pamba, inaonekana kama mawingu.*

Kwanza uulize kama unahitajika. Hapa unahitajika, maana kombania nyingi za askari wa Kijerumani bado zilikuwa na bunduki za mtindo wa 1871, zenye baruti ya moshi mzito uliomtaja mfyatuaji alipo. Ila pamba ivute mpaka uone kidole chako upande wa pili, uipulizie vanishi isiyong'aa, uweke shada moja tu dogo mbele ya mtutu. Iwe ya kijivu, si nyeupe pepe.

*Hiyo ya baiskeli nimeipenda. Taa za meli na mwangaza wa mwezi nitavipataje bila umeme?*

Tumia boksi lililofunikwa pande zote isipokuwa mbele. Ukuta wa nyuma upake buluu iliyokaribia weusi, chora umbo la meli kwa rangi nyeusi zaidi, toboa matundu kwa pini pale penye madirisha, na nyuma yake bandika karatasi ya njano. Ukiliweka boksi dirishani taa zinawaka zenyewe. Mwezi ni rangi tu: changanya buluu na kijivu, paka mabega ya wale watatu na usukani wa baiskeli upande mmoja, ule unaotazama bahari, na upande wa pili uuache gizani. Baiskeli pinda kwa waya wa shaba uliotolewa kwenye waya wa spika, na magurudumu yaviringishe kwenye kifuniko cha kalamu. Kwa 1:72 gurudumu liwe na kipenyo cha karibu milimita 10.