Rota za mtumba: toa venia (kifaa cha kupimia) kwanza

Wenye RX-7, ile Mazda ya injini ya rota, hapa Nakuru, rota ya mtumba (kile kipande cha pembetatu kinachozunguka ndani ya injini) usiinunue kwa macho. Hauzingi, yaani ganda ambamo rota huzunguka, ya injini ya 12A ina upana wa milimita 70, ya 13B 80. Hiyo hata kipofu ataishika. Shida hujificha kwenye mfereji wa sili ya ncha, kile kipande cha kuziba kwenye kona ya rota; hapo ndipo venia inahitajika. 13B za kabla ya 1986 hula sili za milimita 3, zilizofuata 2. Mimi nilibeba rota safi kabisa kutoka Kisumu, nikachomeka sili, ikacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Nauli pia ikaenda!

Hauzingi ya RX-8, Mazda nyingine ya rota, nayo usiidandie: haina tundu la ekzosi, moshi wake hutokea kwenye sahani za pembeni.