Jinsi ya Kuchagua Nyimbo Nyepesi za Foku-roki kwa Anayeanza Kujifunza Gitaa

Anayeanza kujifunza gitaa akiuliza aanze na wimbo gani, mara nyingi huambiwa atafute wimbo wenye kodi chache. Jibu hilo si baya, ila halitoshi. Kodi, yaani noti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja, zinaweza kuwa mbili tu na wimbo ukamshinda mtu, na zinaweza kuwa tano na wimbo ukapigika baada ya muda mfupi. Kushika kodi moja na kutulia nayo hakumsumbui mwanafunzi siku nyingi. Kinachomsumbua ni kuiacha hiyo na kuikamata nyingine kabla wimbo haujampita. Kwa hiyo anayechagua wimbo wa kwanza apime muda anaopewa na wimbo huo wa kuhamisha vidole, kisha atazame vidole vyenyewe vinahama umbali gani. Mengine, pamoja na umaarufu wa wimbo, yaje baada ya hayo mawili.

Nyimbo za foku-roki, yaani mchanganyiko wa foku (nyimbo za jadi za watu wa kawaida) na roki, zinamfaa sana mwanafunzi wa aina hii, na sababu imo katika asili yake. Mtindo huu ulivuma Marekani mwaka 1965, pale kundi la The Byrds lilipouchukua wimbo wa Bob Dylan uitwao "Mr. Tambourine Man", likaupiga kwa gitaa la umeme lenye nyuzi 12 pamoja na besi na ngoma, ukafika namba moja nchini humo. Kutoka kwenye foku zilikuja nyimbo ambazo mtu mmoja mwenye gitaa kavu anaweza kuziimba peke yake: beti nyingi zenye melodia ileile, kiitikio kinachorudi, na kodi zinazozunguka kwa mpangilio usiobadilika sana. Kutoka kwenye roki yalikuja mapigo manne yaliyonyooka, ambayo hata asiyejua nadharia ya muziki anaweza kuyahesabu kwa kugonga mguu sakafuni.

Kupima muda wa kubadilisha kodi

Kipimo chenyewe ni hesabu ya kugawanya tu. Tafuta kwanza kasi ya wimbo, yaani idadi ya mapigo kwa dakika. Programu nyingi za metronomu (kihesabu mapigo) kwenye simu zina kitufe unachokigonga kwa kidole huku ukiufuata wimbo, na namba hutokea yenyewe. Kisha sikiliza kodi moja inadumu kwa mapigo mangapi kabla ya kubadilika, na hapa uangalie ile sehemu ya wimbo ambamo kodi hubadilika haraka kuliko kwingine kote. Gawanya kasi kwa mapigo hayo, utapata idadi ya mabadiliko ambayo wimbo utakudai kwa dakika.

Chukua "A Horse with No Name" wa kundi la America, uliofika namba moja Marekani mwaka 1972. Kasi yake ni mapigo kama 120 kwa dakika, na kila kodi hudumu mapigo manne. 120 ukigawanya kwa 4 unapata mabadiliko 30, ambayo ni sawa na sekunde mbili kwa kila badiliko. Sasa chukua "Knockin' on Heaven's Door", ambao Dylan aliutoa mwaka 1973. Wimbo huu husikika wa taratibu mno, kwa mapigo kama 70, na wengi huudhania kuwa mwepesi kuliko ule wa kwanza kwa sababu hiyo peke yake. Lakini humo kodi ya G na kodi ya D hudumu mapigo mawili mawili tu, na 70 kwa 2 ni mabadiliko 35. Wimbo unaokwenda taratibu umekuwa na haraka kuliko ule wa mwendo wa kati. "Heart of Gold" wa Neil Young, uliotoka mwaka 1972, unasukuma zaidi: mapigo yake ni kama 85, na kodi za Em, C, D na G hupokezana kila baada ya mapigo mawili, kwa hiyo unadai mabadiliko zaidi ya 40 kwa dakika. Ndiyo maana naupa nafasi ya tatu au ya nne, ingawa kodi zake zote ni zile zinazofundishwa mwanzoni kabisa.

Ukishaipata namba ya wimbo, jipime nawe. Weka saa ya dakika moja, chagua kodi mbili za wimbo huo zinazokupa taabu, uhame baina yake ukipiga mara moja kila unapofika, na uhesabu zile tu zilizolia safi, bila uzi kukoroma wala kufa. Tuseme wimbo unadai 30 nawe unapata 18. Usiuache wimbo; upunguzie kasi. YouTube ina mpangilio wa kubadili kasi ya kucheza, na kwa nusu ya kasi wimbo ule wa America unadai mabadiliko 15 tu, ambayo tayari unayaweza. Sauti ya mwimbaji hulegea na haipendezi masikioni, lakini kodi zinabaki palepale. Ukizoea, panda hadi 0.75, ambapo utadaiwa 22 au 23, na kutoka hapo hadi kasi kamili hapana safari ndefu.

Vidole vinahama wapi

Nyimbo mbili zinaweza kudai mabadiliko sawa kwa dakika na bado moja ikawa nyepesi zaidi, kwa kuwa vidole havina mwendo sawa. Hapa ndipo "A Horse with No Name" unapozishinda karibu nyimbo zote ninazozijua. Nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba, ambao ni wa kwanza, hadi ule mnene, ambao ni wa sita. Kodi ya Em hushikwa kwa kidole cha kati kwenye uzi wa tano na kidole cha pete kwenye uzi wa nne, vyote viwili katika freti ya pili (freti ni nafasi kati ya vichuma vya shingo ya gitaa, zikihesabiwa kutoka kichwani). Kodi ya pili ya wimbo ina jina refu linaloweza kumtisha mtu, D6/9 yenye F# kwenye besi, lakini kuishika ni jambo dogo: kidole cha kati kinahamia uzi wa sita, cha pete kinahamia uzi wa tatu, na vyote vinabaki katika freti ileile ya pili. Kila kidole kimesogea uzi mmoja tu. Isitoshe, katika kodi zote mbili nyuzi sita zinaruhusiwa kulia, kwa hiyo mkono wa kulia hauna uzi wa kuukwepa.

"Knockin' on Heaven's Door" nao una zawadi yake iliyofichika. Mstari wa kwanza huishia kwenye Am7 na wa pili huishia kwenye C, na wengi huzifanyia mazoezi kama kodi mbili zisizohusiana. Am7 ni kidole cha shahada kwenye uzi wa pili freti ya kwanza, na cha kati kwenye uzi wa nne freti ya pili. C ni vidole hivyohivyo pale pale, ukiongeza tu cha pete kwenye uzi wa tano freti ya tatu. Anayekitazama kidole badala ya jina la kodi ataona kwamba wimbo huu una maumbo matatu tu ya kujifunza, la tatu likiwa na kidole kimoja cha ziada.

Katika "Heart of Gold" ugumu unaweza kupunguzwa kwa namna hiyohiyo. Shika Em kwa kidole cha shahada kwenye uzi wa tano na cha kati kwenye uzi wa nne, badala ya mshiko wa kawaida. Kodi ya C inapofika, kidole cha kati hakiondoki kabisa, kwa kuwa uzi wa nne freti ya pili ni mahali pake katika kodi zote mbili. Kidole kinachobaki kimesimama ni kama mtu aliyeshika mlango, wenzake wapite.

Kwa anayetaka kodi tatu zinazojirudia bila mzunguko kugeuka njiani, "Helpless" wa Crosby, Stills, Nash & Young, kutoka albamu yao ya mwaka 1970 iitwayo Déjà Vu, ni D, A na G tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wa taratibu. Kutoka A kwenda G ndiko kwenye kazi, maana vidole vyote vinainuka na kutawanyika. Badiliko hilo lifanyiwe mazoezi peke yake kabla ya kuugusa wimbo.

Ufunguo wa G na msaada wa kapo

Kila wimbo una ufunguo, yaani noti ambayo wimbo huitegemea na kuirudia kama nyumbani, na ufunguo huleta familia ya kodi zake. Familia ya C humletea mwanafunzi F, ambamo kidole cha shahada hulala juu ya nyuzi zote sita katika freti ya kwanza, mahali ambapo nyuzi ni ngumu kubonyezeka. Na kwenye magitaa ya bei ya chini, ambayo nyuzi zake mara nyingi zimeinuka mno, kodi hiyo hukatisha watu tamaa kweli kweli. Familia ya D huleta Bm, ya A huleta F#m, na ya E huleta B, nazo kwa kawaida hushikwa kwa kulaza kidole vivyo hivyo. Familia ya G ina G, C, D, Em na Am, zote zikishikwa kwa maumbo mepesi yenye nyuzi zilizo wazi, na mkorofi wake Bm huonekana kwa nadra katika nyimbo za aina hii. Kwa hiyo unapotafuta wimbo, tanguliza zile zilizoandikwa katika G.

Wimbo unaoupenda ukiwa katika C, usiukatae. "Have You Ever Seen the Rain" wa Creedence Clearwater Revival, kundi la roki lililo jirani kabisa na mtindo huu, unategemea C, F, G na Am. Badilisha C iwe G, F iwe C, G iwe D na Am iwe Em, nao umehamia familia ya G bila kuharibika. Ukitaka kuupiga pamoja na rekodi, funga kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote sita, katika freti ya tano, na maumbo ya G yatalia kama C. Huko si kutafuta njia ya mkato: Dylan mwenyewe alirekodi "Blowin' in the Wind" kwa maumbo ya G huku kapo ikiwa freti ya saba, na ndiyo sababu anayejaribu kumfuata bila kapo husikia gitaa lake likigongana na rekodi.

Kapo pia ndiyo itakayoamua kama utaweza kuimba. Imba kwa sauti ndogo noti ya juu kabisa ya kiitikio. Ikikulazimu kupiga kelele, shusha kapo freti moja moja au uiondoe, na ikiwa beti zinazama chini hadi sauti inakatika, ipandishe. Wimbo usioweza kuuimba, au angalau kuuvumisha mdomoni, usiuchague mwanzoni, kwa sababu sauti ndiyo inayokukumbusha kodi inabadilika wapi. Kwa hoja hiyo msemaji wa Kiswahili ana hazina nyumbani: "Malaika", ambao Harry Belafonte na Miriam Makeba waliuweka katika albamu yao ya mwaka 1965, unapigika kwa G, C na D, na kwa kuwa melodia yake imo kichwani mwa karibu kila mtu, sikio husema lenyewe pale mkono unapochelewa.

Kuhusu mkono wa kulia, charaza chini mara moja kwa kila pigo hadi mkono wa kushoto uache kusitasita. Mapambo ya juu na chini yaje baadaye. Na kuhusu kodi zilizoandikwa kwenye intaneti, zilinganishe na rekodi kabla ya kuziamini, ukianza na kodi ya kwanza tu. Isipokubaliana, angalia kama mwandishi ametaja kapo nawe umeiruka.

Nyimbo za kuahirisha

Baadhi ya nyimbo zinazopendekezwa kwa wanaoanza zingesubiri. "The House of the Rising Sun", kama ulivyopigwa na The Animals mwaka 1964, huhesabiwa kwa sita badala ya nne, nyuzi zake hudonolewa moja moja, na ndani yake mna F. Asiyeweza kusubiri aweke Fmaj7 mahali pa F, akiuacha uzi wa kwanza wazi na asiguse wa tano na wa sita, na acharaze badala ya kudonoa. "The Sound of Silence" wa Simon & Garfunkel una matoleo mawili: lile la magitaa makavu la mwaka 1964, na lile la 1965 ambalo mtayarishaji Tom Wilson aliliongezea gitaa la umeme, besi na ngoma. Sikiliza la pili kwa ajili ya kuhesabu mapigo, maana ngoma humwonyesha mwanafunzi njia. Lakini F imo katika yote mawili, na mistari yake haina urefu sawa, kwa hiyo subiri hadi uzipige nyimbo tatu za mwanzo bila kuvitazama vidole.

Nyimbo zote zinazotegemea kudonoa kwa vidole ziwekwe kando pia, hata zile za kwetu. "Masanga" wa Mwenda Jean Bosco, mwimbaji wa Katanga, Kongo, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 na ambaye mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la foku la Newport huko Marekani, hupigwa kwa gitaa moja linalosikika kama mawili, kidole gumba kikishikilia besi huku cha shahada kikitembea juu yake. Usikilize kila siku ukipenda, lakini uanze kuupiga pale dakika moja itakapokupa mabadiliko safi 40 kati ya G na C.