Somo: Kutoa chapa za wanyama wetu, tangu penseli hadi ukutani

Tangu nilipoonesha humu chapa yangu ya kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja, haipiti wiki bila ya mtu kuniuliza faraghani nimeitoa vipi, na kila mmoja humjibu upya kana kwamba sijawahi kuulizwa. Nimechoka, na nasema hivyo bila ya kinyongo. Kuanzia leo atakayeuliza nitamleta hapa. Ninaposema chapa nakusudia nakala ya mchoro wa mkono iliyotolewa kwa wino wa kudumu juu ya karatasi ya pamba, kwa idadi iliyowekewa mpaka na kutiwa saini. Sikusudii zile fotokopi za rangi wanazouziwa wageni zikiwa zimeviringishwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Hatua ya kwanza: mjue mnyama. Nenda msitu wa Jozani, Unguja, kaa kitako, chora kwa penseli bila ya kuwasogelea kima wala kuwapa chakula. Kima punju hana dole gumba la kuonekana mkononi, ana vidole vinne virefu anavyovitumia kama ndoana. Ukimchorea vidole vitano umemchora kima wa kawaida ukamvisha koti jekundu. Mkia wake ni mrefu kuliko kiwiliwili, lakini haushiki matawi, basi usiuzungushe kwenye tawi hata kama sura inapendeza. Mgongo ni mwekundu, mabega na mikono kwa nje ni meusi, tumbo ni jeupe, uso ni mweusi wenye waridi puani na midomoni. Wanaonunua chapa hizi, hasa watembezaji wageni wa pale msituni, huyajua haya kuliko sisi, nao hawatakuambia. Watatabasamu na kupita.

Hatua ya pili: chora. Ukubwa wa A4 unatosha kwa kuanzia.

Hatua ya tatu: ingiza mchoro kwenye kompyuta kwa skana, si kwa simu. Simu hupinda kingo, na mwanga wa chumba huacha upande mmoja manjano na mwingine buluu. Soma mchoro kwa nukta 600 kwa inchi, kwa sababu A2 ni A4 iliyoongezwa mara mbili kila upande, hivyo ukija kuikuza mpaka A2 utabaki na nukta 300 kwa inchi, ambazo jicho halizilalamikii. Ukisoma kwa 300 utabaki na 150, na manyoya yatageuka pamba. Zima kila kitu ambacho skana inataka kukusahihishia yenyewe, kwani mashine huiona rangi nyepesi ya maji iliyopakwa kwenye tumbo la kima kuwa ni uchafu wa karatasi, ikaifuta. Hifadhi faili la TIFF. La JPEG hupoteza kitu kila unapolifungua ukalihifadhi tena.

Hatua ya nne: futa vumbi kwenye faili, basi. Usiongeze wekundu.

Hatua ya tano: karatasi na wino. Tumia karatasi ya pamba isiyo na asidi, ya gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, na printa ya wino wa pigmenti, yaani wenye chembe ndogo za rangi. Wino wa dai, ambao rangi yake imeyeyuka ndani ya maji, hung'aa siku ya kwanza, lakini ukutani kwenye mwanga hufifia mapema zaidi. Karatasi hizi nyingi zina upande mmoja tu uliopakwa dawa ya kupokea wino. Ukishindwa kuutambua kwa macho, lowesha kidole kidogo sana na uguse pembe: upande unaonata ndio wenyewe. Toa kwanza ukanda mwembamba wa majaribio na uutazame dirishani mchana, kwa sababu chini ya taa ya ukumbini kila wekundu ni mzuri.

Hatua ya sita: kukausha na kutia fremu. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipopata hasara. Nyumba moja ya wageni ya pwani ya mashariki iliniagiza chapa 12 za popo wa Pemba, ikawa ni masika, na mwenyewe anazitaka kabla ya Idi. Nilizitoa usiku, asubuhi nikazitia fremu, kioo kimelala juu ya karatasi na mgongoni nimefunga hadibodi tupu. Wiki sita baadaye niliitwa nikazitazame. Karatasi zilikuwa zimefanya mawimbi, madoa ya ukungu wa kijivu yametambaa kutoka kingoni, na mabawa, ambayo ndiyo yenye wino mweusi mwingi, yalikuwa yamegandana na kioo. Nilipojaribu kubandua moja, bawa zima lilibaki kwenye kioo na mwili wa popo ukabaki karatasini. Nilirudisha fedha zote, na za fremu juu yake.

Sababu nilikuja kuzielewa baadaye. Karatasi ya pamba hunywa unyevu wa hewa na kutanuka, ikikosa nafasi hujikunja. Wino wa pigmenti, hata ukiushika ukauona umekauka, bado una vimiminika vinavyochelewa kuruka, na ukivifungia ndani hukusanyika kwenye kioo kama pumzi. Kioo nacho hutoka jasho usiku chumba kinapopoa, na chochote kinachokigusa hulowa. Kwa hiyo: laza kila chapa baina ya karatasi nyeupe tupu kwa saa 24, ukibadilisha karatasi hizo angalau mara moja, na wakati wa masika zifanye siku tatu. Usianike juani. Usitie fremu siku ya mvua ikiwa unaweza kungoja. Kata kadi nene isiyo na asidi, itoboe dirisha, iwe pambizo baina ya chapa na kioo, kisiguse kabisa. Chapa uifunge kwenye kadi kwa bawaba mbili za karatasi upande wa juu tu, ili iwe na nafasi ya kutanuka; ukiibandika pande zote nne umeiandalia mawimbi. Wala usitumie selotepu, ambayo ndani ya mwaka mmoja huacha doa la rangi ya chai. Na mteja mwambie waziwazi kuwa ukuta unaopakana na bafu si mahali pa chapa.

Hatua ya saba: nambari na saini. Kwa penseli, chini ya picha: nambari kushoto kwa mfano 7/50, yaani nakala ya saba katika 50, jina la chapa katikati, saini kulia. Kalamu ya wino, hapana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Fuoni: Ahsante kwa somo. Je, naweza kuupiga mchoro picha kwa simu? Simu yangu ina kamera nzuri.

Jibu: Hatua ya tatu, sentensi ya kwanza na ya pili.

Mwanachama wa Fuoni: Nimeisoma, lakini hii ni simu mpya.

Jibu: Basi isome tena kwa simu hiyo mpya.

Mwanafunzi wa Wete: Shikamoo Maalim. Mimi ninawachora popo wa Kidike, hapa Pemba, na mwalimu wetu wa sanaa amesema nimekosea kwa kumtoa popo bila mkia. Vilevile nimeona kama ana kucha mbili kwenye kila bawa, nikaogopa kuzichora zote. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Uko sahihi wewe, na nimefurahi kwamba umetazama kabla ya kuchora. Popo wa Pemba ni katika jamii ya popo wakubwa wala matunda, ambao hawana mkia, na wana ukucha kwenye dole gumba na mwingine mdogo kwenye kidole cha pili, basi zichore zote mbili bila ya hofu. Macho yake ni makubwa kwa kuwa hutafuta njia kwa kuona na kunusa. Sura yake ni ya mbweha, masikio madogo, na manyoya yake ni ya hudhurungi inayoelekea wekundu, ambayo jua la jioni huyafanya kama shaba. Mpangilio ninaoupenda ni wa popo aliyening'inia amejifunika mabawa, kwa sababu akitandaza mabawa yanakaribia mita 1.6 na kwenye A3 mwili utabaki mdogo kama embe bichi. Lakini weusi huo wa mabawa hunywa wino mwingi, nawe umeshaona yaliyonipata, basi kausha siku tatu hata iwe kiangazi. Niletee faili nikutazamie kabla hujachapisha, sitaki malipo.

Mwanachama wa Mbweni: Mimi nimechukua picha ya paa nunga kwenye intaneti nikaipitishia penseli juu yake. Imetoka safi sana. Naweza kuitia 1/50?

Jibu: Hapana. Picha ile ina mwenyewe, na Zanzibar tuna sheria ya hakimiliki tangu mwaka 2003. Ukitaka kuitumia, muombe ruhusa aliyeipiga.

Mwanachama wa Mbweni: Kwani atajuaje?

Jibu: Mimi nimeshajua.

Mwanachama wa Michenzani: Bwana, unasema chapa zako za kima ni 50 tu, nami nimemuona kima yule yule kwenye kadi za posta Forodhani. Huku si kuwadanganya wateja?

Jibu: Cheti ninachompa kila mnunuzi kinasema kuwa toleo la A3 juu ya karatasi ya pamba ni 50, na kwamba mchoro huo huo unaweza kutumika kwenye kadi zisizo na nambari wala saini. Mnunuzi hukisoma kabla ya kulipa. Ningetoa A3 ya 51, hapo ungekuwa na haki ya kuniita mwongo, na mimi nisingekuwa na la kujibu. Ila nakubali kuwa kadi zile zingestahiki kuandikwa nyuma kwamba hazimo katika toleo, na zijazo nitaziandika.

Mwanachama wa Mkunazini: Nataka kumchora chui wa Unguja. Niige rangi za yule aliyekaushwa wa makumbusho?

Jibu: Umbo na mpangilio wa madoa, naam, na uyahesabu kwa makini, kwa sababu madoa yake yalikuwa madogo na yaliyovunjikavunjika kuliko ya chui wa bara. Rangi, hapana. Ngozi iliyokaa miaka mingi kwenye mwanga hupauka, na ukiiga utapata chui wa rangi ya mkate. Waulize wazee wa Makunduchi na Jambiani walisema vipi juu ya rangi yake, kisha fanya majaribio matatu ya ukanda kabla ya kuchagua.

Fundi fremu wa Mwanakwerekwe: Maalim, naongeza moja. Hadibodi ya mgongoni si unyevu tu, ina asidi pia, huigeuza karatasi manjano kwa nyuma. Mimi huweka kadi isiyo na asidi kwanza, kisha hadibodi, halafu nabandika vipande vidogo vya kizibo kwenye pembe mbili za chini ili fremu isilale juu ya ukuta na hewa ipite.

Jibu: Ahsante fundi. Hilo la vizibo sikuwa nalo, na kuta zetu za mawe na chokaa zinalihitaji kweli. Fremu zangu zijazo nitakuletea wewe.

Mama wa Malindi: Na wadudu wanaotafuna karatasi je? Kwetu tunaweka karafuu kwenye mtoto wa meza.

Jibu: Karafuu husaidia kuwafukuza, bibi, lakini zina mafuta, na mafuta yake huacha doa ambalo halitoki. Zitie kwenye kifuko cha kitambaa, kikae pembeni kabisa, mbali na chapa. Mimi niliwahi kuzitawanya juu ya bahasha, na mchoro mmoja wa komba unanukia pilau mpaka leo.