Kabla ya kupanda Kilimanjaro: lipia siku kwanza, jaketi baadaye

Kila mwaka, 9 Desemba ikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Braza, tunapanda Kili na kikundi cha kazini, nibebe nini?" Huwa nawajibu kwa swali: mmelipia siku ngapi?

Chukua njia ya Marangu, maana ndiyo Watanzania wengi tunaianza. Lango liko chini kidogo ya mita 1,900. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, 4,720. Madaktari wa magonjwa ya mwinuko wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Safari ya siku tano inakupandisha mara mbili ya kiwango hicho, halafu usiku uleule wa Kibo unaamshwa upande mita nyingine 1,175 mpaka kilele cha Uhuru.

Kule juu kila pumzi inakupa takriban nusu ya oksijeni unayoipata Dar. Mwili unao ujanja wake wa kuzoea, lakini unataka usiku kadhaa, na huo muda hauna njia ya mkato. Ndiyo maana kuna siku ya sita: mnabaki Horombo, asubuhi mnapanda taratibu hadi kwenye miamba yenye mistari kama pundamilia, kisha mnarudi kulala palepale. Waongozaji wanasema panda juu, lala chini. Watu huikata siku hiyo kuokoa hela, kisha hela hiyohiyo wananunulia jaketi la kupigia picha. Jaketi unaweza kuazima. Kwa njia ya Machame ni hivyohivyo: siku saba zinakupa usiku mmoja kambi ya Karanga, siku sita zinauruka, na unafika kambi ya mwisho, Barafu, umechoka ukiwa na saa chache tu kabla ya kuanza kilele.

Mazoezi fanya. Miezi miwili ya kupanda vilima wikendi, na ngazi za jengo la ofisini badala ya lifti, vitakusaidia sana magoti, hasa wakati wa kushuka. Ila usidhani kifua chako cha kukimbia marathoni ni kinga. Desemba 2010 Martina Navratilova, bingwa wa tenisi mwenye mataji 18 makubwa ya mchezaji mmoja mmoja, alikwama mlima huuhuu kwa maji kujaa kwenye mapafu, akashushwa na kupelekwa hospitali Nairobi. Mara nyingi vijana wenye nguvu ndio wanaoumia, kwa sababu wanaweza kukimbia. Mzee anayehema hana budi kwenda pole pole, na pole pole ndiyo inayofikisha.

Nenda kwa daktari kabla ya kulipa, na umwambie yote. Presha, pumu, moyo, ujauzito. Na jambo moja ambalo halionekani kwenye ushauri mwingi kwa kuwa umeandikiwa Wazungu: selimundu. Mwenye ugonjwa huo asithubutu mwinuko huu. Hata yule aliyerithi kinasaba kimoja tu, ambaye huku chini haumwi chochote na pengine hajui anacho, anaweza kupatwa na maumivu makali ya bandama hewa ikipungua. Kama kwenu kuna ndugu mwenye selimundu, pima kwanza. Ukipewa asetazolamaidi, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, ambayo vidonge vyake wengi huvijua kwa jina la Diamox, taja kama una mzio wa dawa za salfa, na usishangae vidole kufanya ganzi na kwenda haja ndogo kila saa. Pombe na dawa za usingizi ziache nyumbani, kwa kuwa zinapunguza kasi ya kupumua ukiwa umelala, na huko usingizini ndiko unakoihitaji.

Sasa nguo. Joto hushuka nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000. Moshi ikiwa 30 mchana, Uhuru ni karibu na sifuri mchana huohuo. Usiku, pamoja na upepo, ni baridi ya kati ya 10 na 20 chini ya sifuri. Mara ya kwanza mimi nilipanda na suruali ya jinzi. Ilinyesha msituni kabla ya Mandara, ikalowa, na ikabaki imelowa siku tatu. Niliitundika kibandani, asubuhi ilikuwa ngumu kama ubao. Pamba ikilowa huko juu inakukamua joto mwilini. Tafuta fulana za nailoni au sufu, sweta zito la manyoya, koti na suruali visivyopitisha maji. Soko la mitumba la Memorial pale Moshi lina vitu safi kwa anayejua kuchagua: jaketi unalimwagia maji kidogo begani, unaona kama yanateleza au yananyonywa. Muuzaji atanuna. Mwache anune.

Viatu visiwe vipya. Buti uvae mwezi mzima sokoni, kanisani, msikitini, kokote, malengelenge yatokee huku chini. Kucha za miguu zikate fupi kabisa siku mbili kabla, la sivyo wakati wa kushuka zitagonga mbele ya kiatu hadi ziwe nyeusi.

Vitu vidogo vina ukaidi wake. Betri hufa kwa baridi, kwa hiyo simu na betri za akiba za tochi ya kichwani lala nazo kifuani. Chupa ya maji ibebe kichwa chini: barafu huanzia juu, kwa hiyo mdomo wa chupa unabaki wazi. Mrija wa kunyonyea maji utaganda kabla ya saa nane usiku. Miwani ya jua si ya kujishaua, theluji inachoma macho. Kunywa lita tatu au nne kwa siku hata bila kiu. Tangu 2022 kuna intaneti ya TTCL Horombo, lakini usiitegemee kama mpango wako wa kuokolewa. Muulize kiongozi kabla ya safari: kuna mtungi wa oksijeni? Nikiugua nashushwaje, na nani analipa?

Mzigo unaompa mgumu, yaani mpagazi, usizidi kilo 15. Mzigo wake wote una kikomo, na langoni wanapima. Ukizidisha, utafungua begi mbele za watu.

Kuhusu dalili. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida, unasimama hapohapo mpaka kupungue. Usimeze panadoli ukaendelea kupanda kana kwamba umepona. Kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, kikohozi cha povu, kuyumba kama mlevi, kujibu mambo yasiyoulizwa: hapo ni kushuka, usiku huohuo, bila kusubiri kupambazuke. Na mgonjwa wa kuchanganyikiwa ndiye wa mwisho kujua, kwa hiyo mpeane kazi ya kuangaliana, wawili wawili.

Mimi nililijua hilo saa tisa usiku, karibu na pango la Hans Meyer, mita 5,150 hivi, kwenye ile safari ya jinzi. Siku tano, tulikuwa tumeokoa hela. Nilikuwa nahangaika na zipu ya koti, naivuta, haipandi, na nilikuwa nimekasirika nayo sana. Kiongozi akanimulika tochi usoni. "Mzee, hebu tembea hapa, kisigino mbele ya kidole, mstari mmoja." Nilidhani ananitania. Hatua ya tatu nikaangukia begani mwake. Nikaanza kumweleza kwamba nimelipia kilele. Hakunijibu, alinigeuza tu kama mtoto, akanishika mkanda wa begi kwa nyuma, tukaanza kuteremka changarawe. Kibo hatukukaa hata dakika kumi.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Horombo, jua limewaka, kichwa chepesi, nimeomba sahani ya pili ya wali. Mgumu aliyekuwa akiosha sufuria akanitazama muda mrefu.

"Mzee, si walisema unakufa?"