Kutandaza damu kwenye slaidi

Vaa glavu. Weka tone dogo, mikrolita 2 hadi 3, karibu na ncha ya slaidi safi, yaani kipande cha kioo cha kutazamia kwa hadubini. Shika slaidi ya pili kwa nyuzi 45, irudishe hadi iguse tone, ngoja damu ienee ukingoni, kisha isukume mbele kwa mkupuo mmoja. Ukisita katikati, utapata mistari. Mafuta ya vidole nayo huacha matundu. Utando mzuri huishia mwembamba kama ulimi. Ukitoka mnene, punguza mwinamo.

Hapa wengi huharakisha: uache utando ukauke kabisa kabla ya kuutia methanoli, kemikali ya kuushikiza kwenye slaidi. Unyevu ukibaki, chembe nyekundu hupata viduara vinavyong'aa, na mwanafunzi hudhani ni vimelea vya malaria.