Mechi inakwama kwenye PS5: pima kabla ya kuongeza bando

Mechi ikianza kukwama, wengi hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi, na mara nyingi pesa hiyo inapotea bure. Mechi ya mtandaoni kwa kawaida haimalizi hata Mbps 1 (megabiti moja kwa sekunde). Kinachoiharibu ni pingi, yaani muda ambao taarifa hutumia kwenda kwenye seva na kurudi, hasa pingi inapopanda na kushuka. Kasi kubwa utaihitaji wakati wa kupakua gemu: GB 50 kwa Mbps 10 ni kama saa 11.

Simamisha upakuaji wote, waombe wa nyumbani waache video kwa dakika mbili, kisha fungua Settings, Network, Connection Status, Test Internet Connection. Pima mchana, kisha rudia saa tatu usiku mtandao unapojaa. Ikifeli kwenye Obtain IP Address, tatizo liko kati ya PS5 na ruta. Hapo pakipita lakini intaneti ikakataa, angalia bando na laini. Kuingia PlayStation Network kukifeli peke yake, huenda seva za Sony ndizo zina hitilafu, usiguse ruta.

Kipimo hicho hakionyeshi pingi. Weka kompyuta ya Windows kando ya PS5, kwenye Wi-Fi ileile, fungua Command Prompt uandike:

ping -n 50 192.168.1.1
ping -n 50 8.8.8.8

Ya kwanza ni anwani ya ruta, ya pili ni seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Anwani ya ruta yako inaweza kuwa tofauti, tazama kibandiko chake. Ruta ijibu ndani ya milisekunde chache tu. Ikirukaruka kati ya milisekunde 3 na 90, mgonjwa ni Wi-Fi yako, na hakuna kifurushi kitakachomponya. Ruta ikijibu vizuri lakini 8.8.8.8 inapoteza pakiti (vipande vya taarifa visivyorudi), lawama ni za laini: piga simu kwa kampuni ukiwa na majibu hayo mkononi.

Dawa ya Wi-Fi ni waya wa mtandao kutoka ruta hadi PS5. Aina ya Cat5e inatosha, na hufika mita 100 bila shida. Waya ukishindikana, hamia masafa ya Wi-Fi ya 5 GHz: Settings, Network, Settings, Set Up Internet Connection, simama kwenye jina la Wi-Fi yako, bonyeza Options, chagua Wi-Fi Frequency Bands. PS4 ya toleo la kwanza haina 5 GHz kabisa. Masafa hayo huchoka haraka kwenye kuta za zege, kwa hiyo itoe ruta nyuma ya televisheni, uiweke juu, chumba kimoja na PS5 ikiwezekana.

Pingi ikiwa nzuri ukiwa peke yako na mbaya mtu akianza kutuma video, taarifa zinapanga foleni ndani ya ruta. Tafuta QoS, sehemu ya kugawa kasi, kwenye mipangilio yake na uweke kikomo cha kupakia na kupakua cha asilimia 85 hivi ya kasi uliyopima. Utapoteza kasi kidogo, lakini foleni itapungua.

Kama kipimo cha PS5 kinaonyesha NAT Type 3, yaani ruta inabana miunganisho kutoka nje, huenda husikii wenzako au hamuunganishwi chumba kimoja. Washa UPnP, inayoiruhusu PS5 kujifungulia njia, kwenye ruta, kisha zima na kuwasha ruta na PS5. Ukiwa na ruta mbili zilizofuatana, ya pili iwe access point tu, yaani isambaze Wi-Fi bila kugawa anwani. Kwa ruta ya laini ya simu, tazama anwani yake ya WAN, yaani ya upande wa intaneti: ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni inawagawia wateja wengi anwani moja. UPnP haitasaidia hapo. Omba anwani ya umma, ambayo mara nyingi hulipiwa.

Kubadilisha DNS, huduma ya kugeuza majina ya seva kuwa anwani, kuwa 1.1.1.1 hakupunguzi pingi ya mechi, hata wakikuapia. DNS hutafuta anwani ya seva tu, kisha kazi yake imeisha.

Umbali nao hauna fundi: kila kilomita 1,000 za faiba huongeza takriban milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Ukicheza Dar es Salaam au Nairobi kwenye seva ya Ulaya, tarajia zaidi ya 100. Gemu inayoruhusu kuchagua eneo, kama Fortnite, huonyesha pingi ya kila eneo kwenye mipangilio. Chagua kwa namba hizo, si kwa ramani, maana njia ya kwenda Mashariki ya Kati wakati mwingine huzungukia Ulaya.